Wenye maduka Unguja, Idd mosi mnafungua mumuuzie nani?

BintiMkunazini (mwanzisha uzi):

Assalaam alaykum wanajukwaa, na msiokuwa Waislamu habari zenu.

Naleta hili mapema, Ramadhani haijaingia na watu wangali na utulivu wao. Duka la nguo, Idd mosi, linafunguliwa kwa ajili ya nani?

Nimeajiriwa kuuza duka la nguo na viatu vya watoto huko chini karibu na Darajani. Jina silitaji na msiniulize. Tajiri wangu si mtu mbaya, mshahara unaingia, na kazi yenyewe naipenda. Kwa anayeijua biashara hii, kumi la mwisho ndiyo mwaka mzima. Tunafungua asubuhi, tunafutari humo humo tende na uji nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kisha tunaendelea mpaka saa saba za usiku. Hilo sinung'uniki, tunalijua tangu tunaingia kazini.

Usiku wa mwezi ndio hausemeki. Watu wako majumbani wanasubiri tangazo la Mufti, likishatoka tu mji mzima unamiminika. Baba kashika kiatu cha kulia anatafuta cha kushoto. Mama anampima gauni mtoto aliyelala begani, anamwekea mgongoni na kusema "litamtosha". Mwengine anataka namba 30, namba 30 imekwisha tangu juzi, anachukua 32 anasema atatia pamba. Sisi tunafunga adhana ya alfajiri inasomwa, tumesimama tangu asubuhi ya jana yake, miguu imevimba hata ndara hazitoki.

Ukifika nyumbani hulali. Kuna tambi, kuna mkate wa kumimina, kuna kuku wa kuungwa, kuna watoto wa kuogesha na kuvisha, na mama mkwe anafika mapema kuliko wote. Idd haijipiki.

Sasa sikukuu iliyopita, watu wametoka kusali, nyumba imejaa wageni, simu inaingia ujumbe wa sauti wa tajiri: mje mfungue saa nane mpaka magharibi, jirani kafungua, na mjini kuna wageni wengi wa Bara. Tukenda. Tulichouza ni soksi na kofia ya mtoto. Akaingia na mtalii, kumbe anauliza njia ya Forodhani. Watu wote waliopita mlangoni wana nguo mpya mwilini, nyengine watanunua za nini? Malipo ya siku ile yalikuwa nauli na sahani ya pilau. Siku ya kufidia hatukupewa.

Nataka maoni ya wafanyakazi na ya matajiri. Sisemi mji ufungwe wote. Nauliza duka kama letu.

---

KijanaWaKikwajuni:

Ungekataa. Wangekufanyaje?

---

BintiMkunazini:

Mwenye mkataba wa maandishi ndiye anayekataa, yakhe. Mkataba wangu mimi ulikuwa "njoo Jumamosi uanze".

---

TajiriWaMchangani:

Waalaykumu salaam dada. Mimi nina fremu Mchangani, nguo za kike na mikoba. Nakujibu kama mwenye duka, na si tajiri wako usije ukatetemeka.

Kwanza nakubali kwamba Idd mosi duka la nguo haliuzi. Mimi mwenyewe nimefungua mara nyingi na mauzo hayalipi hata umeme wa feni. Utaniuliza basi nafungua nini. Nafungua kwa sababu jirani kafungua. Yeye naye ukimuuliza atakwambia kafungua kwa sababu kaniona mimi nanyanyua pazia la chuma. Mteja akizoea kwamba fulani yuko wazi siku zote na mwenzake haeleweki, anahamia kwa fulani hata siku za kawaida. Kodi ya fremu haiulizi kama ni Idd, mwenye nyumba anataka chake miezi sita kwa mkupuo, na mzigo mwengine nimeukopa ukilala unanila.

Mkisema tufunge sote njia nzima mpaka Idd pili jioni, nafunga leo leo na nitashukuru, maana na mimi nina mama yangu Donge ambaye Idd mosi namfikia kiza kimeingia. Lakini nikifunga peke yangu nimejitia kitanzi.

---

MuuzaMalai:

Mnaongea kama sikukuu inajiendesha yenyewe. Mie nauza malai na ubuyu, na sikukuu zote niko uwanja wa watoto Kariakoo, hii ya hapa Unguja, tokea alasiri hadi usiku. Siku zile ndizo zinazolipa ada za skuli za wanangu. Mtoto kapewa mkono wa Idd na babu, na ami, na shangazi, mfuko umejaa, atazipeleka wapi kama sote tumekwenda kula pilau? Pembea zinaendeshwa na mtu. Mishikaki inachomwa na mtu. Daladala iliyowaleta ina dereva na utingo wake, na wote wana wake na watoto.

Kwa hiyo mkishapitisha azimio lenu la kufunga, mie mnitoe.

---

BintiMkunazini:

Kaka, wewe nakutoa tangu mwanzo! Wewe unauza ukiwa ni wako, faida inaingia mfukoni mwako, ukichoka unafunga sanduku unakwenda zako. Na unauza kitu kinachotakiwa siku hiyo hiyo. Mie nakalishwa kulinda magauni ya watu waliokwisha kuvaa magauni.

---

MuuzaMalai:

Hapo sawa. Ila jua mke wangu naye hunisema maneno hayo hayo unayomwambia tajiri wako.

---

Maalim_wa_Fuoni:

Naomba niseme neno moja kwa sababu nimeona mahali pengine watu wanatia dini pasipo pake. Kufanya biashara siku ya Idd si haramu. Kilichokatazwa siku ya Idd ni kufunga saumu. Hata Ijumaa, someni Suratul Jumu'a aya ya 9 na ya 10: mkiitwa kwenye sala acheni biashara, na ikisha sala tawanyikeni mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo tajiri anayefungua hana dhambi kwa kufungua.

Lakini huyo huyo anaambiwa ampe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sahani ya pilau siku ambayo nyumba zote zina pilau ni ukarimu, haiitwi ujira. Na kuunga jamaa, kuwazuru wazee na kuwapa mkono ni katika mambo makubwa ya siku ile. Ukimzuia mtu nayo umlipe, na uwe na sababu. "Jirani kafungua" mimi siioni kuwa sababu.

Na tujiulize: Ijumaa adhana ya kwanza ikisomwa, maduka mangapi hapo mjini yanateremsha pazia bila ya kuamrishwa na askari? Mteja anajua, anasubiri, na hakuna aliyefilisika kwa ajili ya Ijumaa. Mazoea yale yamejengwa na wenye maduka wenyewe.

---

TajiriWaMchangani:

Maalim nimekusikia. Hilo la Ijumaa umenipata.

---

KijanaWaPaje:

Sie wa mahotelini tukisoma uzi huu tunacheka tu. Idd ipi hiyo? Mgeni kalipia chumba chake tangu mwaka jana, anataka yai lake saa moja asubuhi, hajui Idd wala hajui mwezi umeonekana wapi. Hoteli haifungi mlango.

Lakini kuna jambo tumefanikiwa na wenye maduka wangeliiga. Kwetu orodha ya Idd inabandikwa jikoni kabla Ramadhani haijafika katikati. Aliyeshika zamu Idd el-Fitri anapewa ofu Idd el-Hajj, na kinyume chake. Ukitaka kubadilishana na mwenzako mnakwenda wawili kwa menija, anaandika, kwisha. Siku yenyewe waliobaki tunapewa ruhusa ya kwenda kusali kwa mafungu, fungu la kwanza likirudi na la pili linatoka kwenda msikiti mwengine wa mbele wanaochelewa kusali. Haipendezi, lakini kila mtu anajua lake mapema. Kinachomuumiza dada hapo juu ni ule ujumbe wa sauti kuliko kazi yenyewe. Unamtoa mtu kwenye sahani.

Na mjiandae, maana huku tunakokwenda ni kugumu zaidi. Idd inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa miladi. Sasa hivi Idd el-Fitri inaangukia Machi, wageni wanapungua, masika yanabisha hodi, kwa hiyo kupata ofu si kazi kubwa. Mwaka 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, hoteli zimefurika. Mwaka 2032 itakuja katikati ya Januari, imegusana na Mapinduzi ya tarehe 12. Halafu 2033 zitakuwa mbili katika mwaka mmoja, moja mwanzoni mwa Januari na nyengine kuelekea mwisho wa Disemba, pale pale kwenye Krismasi na Mwaka Mpya. Hapo ndipo mtaona watu wa Nungwi, Kiwengwa na Paje wanavyolia. Na mjini vile vile, maana mgeni akijaa pwani, mjini pia anashuka na maduka yote yatataka yawe wazi.

---

MzeeWaBaraza:

Kijana kapiga hesabu sawa. Mwaka 2000 ilikuwa hivyo hivyo, Idd el-Fitri Januari na nyengine Disemba. Tofauti ni kwamba wakati ule hoteli za pwani hazikuwa nyingi kama leo, na mjini ukipita Idd mosi ukitafuta kiberiti utakipata kwa kugonga mlango wa nyuma wa mwenye duka. Akikuuzia kwa kukuonea haya, kwa sababu ni jirani yake. Alikuwa anakaa juu, duka liko chini. Leo mwenye duka anakaa Chukwani, muuzaji anakaa Fuoni, na duka liko mjini. Kufungua duka maana yake watu wawili kupanda magari.

Sikukuu kwetu ni siku nne. Idd mosi na pili za wazee na jamaa, tatu na nne za watoto viwanjani. Enzi zetu Mnazi Mmoja. Serikali inatoa mapumziko yake na Baraza la Idd lake, lakini hizo nne za mtaani hakuna aliyezitangaza na hakuna aliyezifuta. Nionavyo mimi, kama ni kuchagua, muilinde Idd mosi na asubuhi ya Idd pili. Hizo mbili za mwisho mji uko nje, biashara na ifanyike.

---

WaWete:

Hilo la Mzee linawafaa nyinyi wa Unguja. Sisi Wapemba mnaotuajiri huko mnatusahau. Mie nimefanya kazi duka la vyombo Unguja, tajiri akasema kwa uzuri kabisa: wewe fanya Idd mosi na pili, tatu na nne nakupa, ukamuone mama. Sasa kwenda Pemba si kupanda daladala. Unatafuta tiketi ya boti, nafasi za siku za sikukuu zimekwisha zamani, ukiipata unashuka Mkoani, halafu gari hadi Wete. Kabla hujakaa ukamwagiwa chai, unaambiwa boti ya kurudi ni kesho asubuhi. Mwaka ule sikwenda. Mama aliniwekea halua mpaka ikakauka, akanitumia kwa mtu.

Kwa Mpemba, anayenyimwa usiku wa mwezi amenyimwa sikukuu nzima. Afadhali aambiwe mapema kwamba Idd hii hapana, Idd ijayo ondoka siku tatu kabla. Hapo anapanga.

---

KijanaWaKikwajuni:

Sasa Wapemba wapewe siku saba na sie wa mjini tulinde maduka? Haya.

---

WaWete:

Wewe mama yako yuko mtaa wa pili, unamwona kila siku anapokupa chai. Usitake kulingana.

---

MamaWaTomondo:

Hamjambo. Mimi ni Mkristo, nafanya kazi duka la dawa. Duka la dawa halifungwi, hilo sibishani nalo, mtoto akishikwa na homa Idd mosi hawezi kusubiri Idd tatu.

Miaka yote Idd nashika mimi zamu na mwenzangu mwengine Mkristo. Tunafanya kwa moyo safi, wenzetu wanatuletea sahani mpaka tunashindwa pa kuziweka, na mtaa mzima unatupa mkono wa Idd. Makubaliano yalikuwa Krismasi wao watatushikia. Basi Krismasi ikifika unasikia, "Disemba kuna kazi nyingi, wageni wengi, sote tunahitajika." Nakwenda ibada ya mkesha kanisa la Minara Miwili, asubuhi niko dukani nimevaa koti jeupe nahesabu vidonge, watoto wamebaki na dada yao mkubwa.

Siwalaumu wenzangu, nao wameitwa siku hiyo. Nasema tu kwamba kubadilishana zamu kusikoandikwa kunamfaidi mmoja. Nataka liwe kwenye karatasi na sahihi ya mwenye duka.

---

BintiMkunazini:

Pole sana dada yangu. Hili wallahi sikulifikiria. Kwenye mazungumzo na tajiri nitaliingiza, kwetu pia yuko kijana mmoja Mkristo, ndiye huwa wa mwanzo kuambiwa abaki.

---

MzenjiUghaibuni:

Niko Leicester. Nimeona TajiriWaMchangani anasema "nikifunga peke yangu nimejitia kitanzi". Huku hilo walilimaliza kwa sheria. England na Wales kuna sheria ya 2004 inayokataza duka kubwa, lenye zaidi ya mita za mraba 280, kufunguliwa siku ya Krismasi. Maduka madogo yanaruhusiwa. Kwa hiyo masupamaketi yote makubwa yanazima taa siku moja, hakuna anayeogopa mwenziwe, na ukikosa maziwa unakwenda kwenye kiduka cha kona ambacho mwenyewe kakaa nyuma ya kaunta na mwanawe. Siku ya pili yake tu wanafungua na watu wanajaa kununua vilivyoshushwa bei, hiyo haina breki.

Marekani ni tofauti. Wana sikukuu yao ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, ndiyo siku ya familia kula pamoja. Kesho yake ni siku ya mauzo ya bei za kutupa. Maduka makubwa yakaanza kushindana: huyu anafungua alfajiri, yule usiku wa manane, baadaye wakafika kufungua Alhamisi yenyewe jioni, watu hawajamaliza kula. Sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa zaidi kwa kazi ya sikukuu. Majimbo machache tu, kama Massachusetts, Maine na Rhode Island, ndiyo yanayokataza maduka makubwa kufungua siku hiyo. Halafu mwaka 2020, korona imeingia, Walmart na Target wakafunga Alhamisi ile, na miaka iliyofuata wakaendelea kufunga. Yaani baada ya kukimbizana miaka yote ile, waligundua wanaweza kufunga na mteja akarudi kesho yake.

Kwa hiyo tusiseme "dunia ndiyo inakoelekea". Wenye dunia wenyewe wamegeuza.

---

TajiriWaMchangani:

Hiyo ya mita 280 ingenipita mbali, fremu yangu ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Kwa sheria hiyo wewe ndugu ungenifanya mimi nifungue na Michenzani Mall ifunge. Naipenda!

---

AfisaMstaafu:

Nimefanya kazi za ofisi za kazi miaka mingi, nisahihishe kitu ambacho nimekiona kwenye nyuzi nyengine kama hizi. Watu wanatoa kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachosema anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili ya ujira wake wa msingi kwa kila saa. Kifungu kipo, ila sheria ile ni ya Tanzania Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar tunayo yetu, Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005, na mwenye kuisimamia ni Kamisheni ya Kazi. Ukenda kwa tajiri wako na karatasi ya Bara atakucheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

La pili, wengi mnadhani mtu asiyekuwa na mkataba wa maandishi hana haki. Kama anakuja kazini kila siku, anapangiwa saa na analipwa mshahara, ni mwajiriwa. Kinachomponza ni kukosa ushahidi. Kwa hiyo dada, ule ujumbe wa sauti usiufute. Una tarehe, una saa, una sauti yake. Simwambii mtu aende kushtaki, maana maduka yetu haya ni ya kuoneana haya, tajiri ni ami wa rafiki yako, na kesho utakutana naye harusini. Ndiyo maana kesi hizi haziendi mbali. Lakini kukaa na tajiri ukiwa na ushahidi mfukoni na kukaa naye mikono mitupu ni mazungumzo mawili.

---

FundiCherehani_Amani:

Na sie mafundi mmetusahau. Mtu analeta kitambaa cha kanzu tarehe 27 Ramadhani anataka avae Idd. Idd mosi mimi nalala. Hata aje Rais.

---

KijanaWaKikwajuni:

Fundi wewe kanzu yangu ya mwaka juzi iko wapi?

---

FundiCherehani_Amani:

Hukumaliza kulipa.

---

BiMkubwaWaBububu:

Wanangu, mimi mtu mzima niseme langu. Hapa nimesoma wanaume wengi wanazungumza kodi na mita za mraba. Nani kasema ya jikoni? Kijana wa kiume akiitwa dukani Idd mosi, anaacha chakula tayari mezani na akirudi anakikuta. Binti akiitwa, chakula kinabaki kibichi. Mimi nina mkaza mwana anauza duka la simu. Sikukuu iliyopita tumepika mimi na vijukuu, yeye alivuruga tambi alfajiri akaondoka hata hakukaa kupokea mkono wa wageni. Jamaa wa mbali wakaanza minong'ono, "mke gani huyu asiyekaa nyumbani Idd?" Lawama ikamwangukia yeye, tajiri hakutajwa hata kidogo.

Sasa matajiri mkiwaita wasichana siku hiyo, jueni mnawapa kazi mbili na maneno juu yake. Angalau walipeni ya moja.

---

BintiMkunazini:

Bi mkubwa, shikamoo. Umenitolea maneno kifuani. Mama mkwe wangu hakusema kitu siku ile, lakini alivyonyamaza nilielewa.

Basi nimesoma yote, na nitamwendea tajiri wiki hii na mambo haya. Duka la nguo lifungwe Idd mosi na pili mpaka adhuhuri, kama alivyosema Mzee. Akiona lazima kufungua, orodha ibandikwe kabla ya nusu ya Ramadhani kama wanavyofanya Paje, waanze wanaotaka wenyewe. Yupo mwenzetu hana familia hapa na anataka pesa, atafurahi. Mwenye zamu alipwe siku hiyo hiyo, na yule kijana wetu Mkristo Krismasi yake iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Usiku wa mwezi tutafanya kazi mpaka mwisho, hilo halina mjadala, lakini aliyefunga duka alfajiri asiwe ndiye anayelifungua saa nane.

Nitampelekea na hesabu ya mauzo ya siku ile. Daftari ninalo, ameliandika mwenyewe.

---

AfisaMstaafu:

Anza na daftari. Sheria iweke mwisho.

---

TajiriWaMchangani:

Daftari litamshinda, mimi nakwambia. Na mimi kwa upande wangu, njia yetu ni fremu chache tu na tunajuana. Nitazungumza nao tukitoka kusali Ijumaa hii, tukubaliane kufunga sote Idd mosi. Kuna mmoja wa pembeni ndiye mgumu, huyo nitamwendea na Maalim.

---

Maalim_wa_Fuoni:

Mimi niko tayari, lakini unifuate kwa gari. Na usimwambie nakuja.

---

MuuzaMalai:

Mkishafunga wote mje Kariakoo na watoto wenu. Malai ya embe na ya ukwaju. Wafanyakazi wa madukani nawapunguzia, matajiri bei kamili.